Chuma Kisicho na Chambo

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ni mtu wa kushuku. Ukinipa mchele nitauchambua kwanza, asante itafuata baadaye. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata kivuli changu nakigeukia mara mbili kuona kama ni changu. Namwachia utani wake. Asubuhi ninayotaka kuisimulia, mwenye macho makali kuliko wote pale ukingoni nilikuwa mimi, na mambo yakatupata vilevile.

Tulikaa kando ya mto Lualaba, nyumba chache tu za watu wa mitumbwi, si mbali na Nyangwe. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji. Barabara ya magari ilipita mbali na sisi, na tulipenda hivyo. Mama mkwe wangu alikuwa na miguu iliyovimba, na kwa miaka miwili hakuwa amekwenda popote zaidi ya mtoni, tena kwa kuegemea bega langu kila asubuhi kwenda kunawa. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba. Alikuwa akituambia, "Mimi nitatoka hapa kwa kubebwa tu, na safari yenyewe iko hapo nyuma."

Tulichokiogopa sote ni kuhamishwa. Mwaka uliotangulia, watu wa Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, walifika kwa jirani zetu wa chini ya mto na kamba ndefu yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Walitupa, wakavuta, wakasogea, wakatupa tena. Walikuwa wanapima kina cha maji. Haukupita muda jirani wale wakaambiwa wabomoe nyumba zao wakajenge kando ya barabara. Tangu siku hiyo mtu akitupa kitu mtoni tulimtazama mkono.

Basi kiangazi kile, maji yamepungua na mawe ya ukingo yako nje, nilikuwa nasugua sufuria nilipomwona mzungu akishuka kwa miguu, na nyuma yake karani mmoja, mtu mweusi kama sisi. Mzungu alishika ufito mwembamba wenye gurudumu dogo la uzi. Mwisho wa uzi kulikuwa na kipande cha chuma kinachometa, mfano wa kijiko kilichokatwa mpini, na ndoana mkiani. Nikangoja atoe chambo. Hakutoa mnyoo, hakutoa hata punje ya ugali. Alikirusha chuma kitupu mbali sana, akakivuta kwa kuzungusha gurudumu, akasogea hatua mbili, akarusha tena.

Mume wangu alikuwa ndio kwanza anafunga mtumbwi, nikamwendea mbio.

"Ule muzungu iko anapima maji," nikamwambia.

"Pengine anavua tu."

"Mutu anavua bila chambo? Samaki atakula nini, chuma?"

Nikamtuma akasimame karibu naye, aangalie kila chuma kinapoangukia, na asimwonyeshe mahali penye kina hata akiulizwa kwa ishara. Mimi nikapanda uani, kutoka pale niliweza kuwaona wote wawili.

Hapo ndipo karani alipokuja na kupiga hodi. Alitoa salamu ya Kiislamu kama inavyotakiwa, akavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, akaomba maji. Aliyanywa ameketi, akasema bismillahi kwanza. Msinione mjinga: nilimkagua. Nilitazama mikono yake, nikatazama mfuko wa shati. Hapakuwa na karatasi wala kalamu. Nikajisemea, huyu anamngoja bwana wake tu, maskini, jua linamchoma. Macho yangu yakarudi mtoni.

Mama mkwe akakohoa ndani. Karani akamsalimu kutoka mlangoni kwa adabu, kisha akanigeukia.

"Mama mukubwa iko muzima?"

"Muzima kabisa, alhamdulillahi."

"Na miguu? Wazee wetu wanalalamika sana juu ya miguu."

Kwetu mkamwana hamtangazi mama mkwe wake kwa mgeni. Ukisema ni mgonjwa, ni kama umesema humtunzi. Na mimi nilijivunia kumtunza. Nikajibu kwa sauti, ili na yeye mwenyewe asikie ndani, "Miguu gani? Huyu anaenda barabarani na kurudi mbele jua halijakuwa kali!"

Nikamsikia akicheka taratibu gizani mle, amefurahi. Na mimi nikafurahi. Karani naye akatabasamu, akauliza nyumba ile ya pembeni ni ya nani, nikamwambia, huku nahesabu mzungu amerusha mara ngapi.

Mara kelele zikatoka mtoni. Ufito ulipinda, mzungu akarudi nyuma juu ya mawe, akavuta, na mbenga mkubwa akatoka majini, yule samaki mwenye meno kama ya mbwa, kile chuma kimo kinywani mwake. Mzungu akacheka kama mtoto, akampa mume wangu samaki yule mzimamzima. Nilimkataza asimlete nyumbani. "Tukipokea, kesho watasema tulikubali kuhama." Tukamwacha juu ya jiwe, mbwa wakamla. Wageni wetu wakaondoka, na usiku ule nililala nikijua nimelinda mto.

Baada ya mavuno ya mpunga karani alirudi, safari hii peke yake, na karatasi. Akatukusanya, akasoma. Kila mtu ahamie barabarani kabla ya mvua. Mzee asiyeweza kutembea angeruhusiwa kubaki kwake, pamoja na mtu mmoja wa kumtunza. Akaanza kusoma nyumba moja baada ya nyingine. Alipofika kwetu akasoma kwa upole uleule wa siku ile: mama mzee, mzima, anatembea hadi barabarani na kurudi kabla jua halijawa kali.

Hata jua aliliandika.

Nilitaka kusema nilidanganya. Mume wangu akanibana mkono. Aliyeidanganya Leta alijua fimbo zinamngoja. Tulipofika nyumbani nikamwambia mama mkwe nitakwenda kusema kweli, na wanipige. Hakuinua hata uso.

"Hapana," akasema. "Utanyamaza."

Siku ya kuhama mume wangu alimbeba mgongoni. Tulipofika pale njia inapopinda, barabara ikaonekana, na karani amesimama na karatasi yake akiwaandika wanaofika. Mama mkwe akampiga mwanawe begani.

"Nishushe."

"Mama, utaanguka."

"Nishushe nasema. Mukamwana wangu hatakuwa muongo mbele ya ule mutu."

Nikamsogezea bega langu, akalisukuma. Akatembea. Nilikuwa nyuma yake na sufuria kichwani, nikiona visigino vyake vilivyovimba vikishuka kimoja baada ya kingine kwenye vumbi, na nililia bila kufuta machozi. Karani akamkaribisha, akasema kweli Mama mukubwa iko muzima. Mama mkwe akamjibu, "Alhamdulillahi." Kisha akakaa chini kwenye kiwanja tulichopewa, na hakusimama tena kwa miguu yake.

Tulimzika kando ya barabara kabla mvua hazijaisha. Kuhusu yule mzungu sijui hadi leo kama alikuja kuvua au aliletwa ili atuvute macho. Mume wangu alisema mtu alikuwa anavua tu, na sikuwahi kumwamini. Ila mgeni akinipigia hodi sasa, awe na karatasi au asiwe nayo, akiniuliza hali za watu wa nyumbani, namjibu kwamba wote ni wagonjwa.