Sinema Ndefu ya Ng'ombe

Popote ninapokutana na moshi wa jenereta uliochanganyika na harufu ya karanga zinazokaangwa, hupunguza mwendo. Wengine harufu hiyo huwakumbusha harusi. Mimi hunirudisha Ilembo, kwenye banda la video la Bwana Shabani, lililojengwa kwa mabanzi na kuzibwa kwa nailoni nyeusi, Jumapili moja ya kiangazi nilipokuwa darasa la nne.

Niwaambie kwanza tulifikaje Ilembo, maana sisi hatukuwa watu wa mjini. Baba yangu alikuwa mfugaji. Tulikaa upande wa Usevya, na ng'ombe wetu wakitoka zizini asubuhi, vumbi lao lilifika kwa majirani kabla ya salamu zetu. Kisha ukaja ugonjwa wa mapafu. Ng'ombe walikohoa kama wazee, wakasimama wamenyoosha shingo, wakaanguka. Dawa ilipopatikana, hakukuwa na wa kuchomwa sindano. Mama akafunga vyombo, tukaja mjini kwa kaka yake, na baba akaanza kufyatua matofali ya watu.

Hapo ndipo baba aliponyamaza. Mpole alikuwa tangu zamani, lakini hili lilikuwa jambo lingine. Alirudi kazini na udongo uliokaukia mikononi, akakaa mlangoni na fimbo yake ya kuchungia mapajani, akatazama barabara kama mtu anayengoja mifugo irudi. Chakula alikionja tu. Wageni wakimsalimia, mama ndiye aliyeitikia.

Mimi mama, ambaye kwetu tulimwita mayu, alinipa kazi niliyoiona ya ajabu. "Kabula, baba yako akitoka, toka naye. Usimwache peke yake. Akikwambia rudi, usirudi." Nilidhani anaogopa baba atapotea, maana mjini vichochoro ni vingi na yeye alizoea pori. Nikajiona mkubwa kweli, mtoto wa kumwonyesha baba yake njia.

Jumapili hiyo baada ya chakula cha mchana baba alioga, akavaa shati lake jeupe la sherehe, akatoka bila neno. Mama alikuwa kisimani. Nikamfuata. Tulipokaribia nyumba za mwisho, akageuka, akaninyooshea ile fimbo.

"Mpelekee mdogo wako."

"Mayu kasema niwe na wewe."

"Nimesema rudi nyumbani, Kabula."

Fimbo ile nyumbani hata kuigusa tulikatazwa. Niliishika kwa mikono miwili, nisijue nifurahi au niogope. Ila sikurudi. Alipotembea nilitembea, aliposimama nilisimama, na mgongo wa lile shati jeupe ulikuwa mbele yangu muda wote. Hakunikaripia tena, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angenichapa.

Tulikuwa tukipita nyuma ya banda la Bwana Shabani, ng'ombe wakalia. Walilia kwenye spika, wengi kwa mpigo, mlio wa kundi linaloogopa maji. Baba akasimama kama aliyeitwa jina. Akazunguka banda, akainama mlangoni, akaingia. Bwana Shabani alitutazama, mzee katika shati la sherehe na binti aliyekumbatia fimbo, akatuashiria tu tukae.

Jamani, picha zile! Nyasi za rangi ya dhahabu mpaka macho yanapoishia, milima yenye weupe kichwani, na kundi la ng'ombe likivuka mto mpana huku wanaume wenye kofia kubwa wakilisukuma kwa farasi. Sikuwahi kujua kwamba vumbi nalo linaweza kuwa zuri. Lakini hadithi yenyewe hakuna aliyeielewa. Kijana aliyetafsiri kwa kipaza sauti, tulimwita Kaka Deo, alianza kwa mbwembwe zake zote za Kidaresalaam, kisha akaanza kutokwa jasho. Mtu aliyeuawa mwanzoni alionekana tena akinywa kahawa.

"Huyu sasa ni pacha wake," akasema Deo.

"Deo acha uongo!" watu wakapiga kelele.

Pacha naye akawa mtoto mdogo, mtoto akawa mzee, mzee akawa anamtazama mwanamke dirishani kwa muda ambao ungetosha kuivisha maharage. Watu wakaanza kuguna. Bwana Shabani alipobadilisha CD na kutangaza kwamba bado kuna nyingine, banda lote likalipuka.

"Toa hiyo! Weka ya ngumi!"

Bwana Shabani alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye deki. Hapo baba akasimama. Mwanga uliopenya matundu ya bati ulimwangukia kifuani.

"Acheni nyie," akasema. "Acheni ng'ombe wapite."

Vijana wakacheka. Bwana Shabani hakucheka. Alimtazama baba, akarudisha mkono wake. "Asiyetaka, mlango ule pale," akasema, na wengi wakauona mlango.

Baba akaketi tena kando yangu, tukabaki wachache. Ikafika sehemu ya baridi kali. Ng'ombe walikuwa wamelala wamekufa, weupe umewafunika, na mtu mmoja mwenye kofia ameketi katikati yao. Picha ilikaa pale pale, ikakaa. Deo akashusha kipaza sauti, kwa kuwa hakuwa na cha kutafsiri. Na baba yangu, kwa sauti ya mtu anayeita zizini, akaanza kuwataja ng'ombe wetu. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Madoa, aliyezaa mapacha. Yule mweusi aliyekuwa akinifuata hadi jikoni. Aliwataja kwa mpangilio wa kufa kwao, na uso wake ulilowa. Mimi nilitazama sakafu, nikitamani wasijue ni baba yangu.

Sehemu iliyofuata siikumbuki vizuri. Nakumbuka tumetoka jua likiwa limeinama, na njiani baba akaongea. Alilaumu wale wazungu: hawajui kuchunga, wanapiga kelele mtoni, dume linaloongoza wameliacha nyuma. Niliitikia kila kitu.

Mama alikuwa amesimama barabarani. Aliona fimbo mikononi mwangu kabla hajaona nyuso zetu, akakaa chini pale pale mchangani na ndoo yake.

"Nina njaa," baba akasema.

Mama akaenda jikoni. Nikamsikia analia huku anasonga ugali, nikajua kesho nitachapwa kwa kuchelewa. Sikuchapwa. Baadaye baba alipata kazi ya kumchungia mtu ng'ombe kule Kasekese, akatuhamishia huko, na miaka ilivyokwenda akawa tena na ng'ombe wake, si wengi.

Nilikuwa tayari na mtoto wangu mwenyewe wakati mama aliponieleza alichokuwa akikiogopa siku zile. Kule Usevya aliwahi kumwona mfugaji mmoja akigawa vitu vyake, akavaa vizuri, akaenda porini asirudi. "Sikuwa na mtu mwingine wa kumtuma," aliniambia, na hakunitazama. Nilimkasirikia muda mrefu. Mtoto wa darasa la nne! Hasira hiyo haijaisha yote hata sasa, ingawa namwelewa.

Baba sikuwahi kumuuliza alikuwa akienda wapi na shati lile. Mwaka jana, tukiwa wawili tu, nilijikaza nikauliza jambo jepesi zaidi: aliipendea nini ile sinema, hadi akakaa mpaka mwisho?

Akacheka kwa meno machache aliyobaki nayo.

"Kuipenda? Ilikuwa ndefu mno, sikuelewa kitu. Baada ya wale ng'ombe kufa nilitaka kuinuka niende."

"Mbona hukwenda?"

"Ulikuwa umenilalia begani," akasema. "Ningeinuka ungeanguka."