Chatu Aliyekataa Kuku wa Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini Ruiru, Nyapara Mkuu alinipa ufunguo, ndoo na fimbo yenye panda. Nilikuwa nimetoka kukata mkonge Thika, nikadhani napelekwa kwenye kahawa. Akanipeleka nyuma ya nyumba ya Meneja, mzungu wa shamba lile, penye kizimba cha waya. Ndani mlikuwa na kreti la nyasi kavu, na kwenye nyasi chatu mnene kama paja langu. Vibarua walikuwa wamemnasa mtoni juma lililopita. Meneja alimwita Meja.

"Huyu akikufa," Nyapara akasema, "na wewe umekwisha."

Hakuwa anatania. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni. Mkikuyu asiye na kazi hakuwa na pasi, na asiye na pasi alipandishwa lori la kwenda kizuizini.

Kazi yenyewe nilijifundisha. Fimbo ya panda si ya kumbana nyoka shingo. Unamgeuza kichwa taratibu. Karai la maji liwe kubwa, maana chatu huingia mzima. Na ukishika kuku, nawa mikono kabla ya kumkaribia. Chatu hajui mkono, anajua harufu.

Kila wiki mbili nilipewa kuku mmoja, hai. Wa kwanza Meja alimkataa. Wa pili alimpanda mgongoni na kudonoa nyasi, Meja hata hakugeuka. Hao niliwarudisha bandani. Nikajaribu maziwa, maana mama yangu alikuwa akimmwagia maziwa nyoka aliyeingia nyumbani. Yakanywewa na sisimizi. Kuku wa tatu, sitawadanganya, nilimla mimi.

Nyapara akaokota manyoya nyuma ya nyumba yangu.

"Kamau! Tangu lini nyoka ananyonyoa kuku?"

Akanikokota hadi kwa Meneja. "Wewe kula kuku yangu, Meja nakonda," Meneja akasema. "Jumamosi wewe kwenda."

Ilikuwa Jumatano. Nikaketi kando ya waya kutwa nzima, nimwone nyoka aliyeniponza. Jua likipanda alitoka, akajilaza mpaka ngozi ikawa moto, kisha akarudi kwenye kreti na kujizungusha palepale, vilevile. Kesho yake hivyo hivyo. Mgonjwa hafanyi hivyo. Huyu alikuwa na shughuli. Ijumaa alipotoka niliingia, nikatenganisha nyasi. Mayai! Makubwa kuliko ya bata, yameshikana kama yamegundishwa.

Nilimwita Meneja kwa kelele mpaka akaja na kijiko cha uji mkononi.

"Meja iko mwanamke?"

"Ni mama, bwana. Hali kuku kwa sababu analalia mayai."

"Na kuku?"

"Wawili wako bandani. Mmoja nilimla."

Alinitazama, akalamba kijiko. "Wewe kaa hapa mpaka mayai kwisha."

Mayai yalipoanguliwa, Meneja alikuja na kitabu. Kitabu kilisema nyoka hawalei watoto. Jioni nikamwita. Watoto waliokuwa wakiota jua walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wanajipenyeza kwenye mikunjo ya mama yao, penye joto. Meneja akaketi chini, suruali nyeupe na yote, akatoa penseli.

"Sema tena, pole pole. Mimi andika."

Mimi ambaye darasa la pili sikulimaliza nilimsomesha mzungu, naye akanifanya mtunza wanyama wake, na pasi akanipa. Baadaye nilirudi Thika, kwa Bwana Mifugo, nikashika ng'ombe na nguruwe hadi kustaafu. Hakuna mnyama niliyemhudumia bila kwanza kuketi na kumtazama.

Wajukuu huniuliza kama niliingiza mkono kwenye kreti lile kwa ujasiri. Ujasiri gani? Chatu alikuwa ameshaanza kurudi, nilimwona. Lakini lori nililiogopa zaidi, na, kusema kweli, nilitaka kujua mle ndani kuna nini.