Kamusi Ibaki

Kompyuta zilikuwa kuukuu, za kwenda shule ya msingi kule Suji milimani, ile niliyosoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Fundi ninayemsaidia dukani hapa Same mjini, ambaye namwita kaka, alikuwa anaandaa mfumo mmoja kwenye flashi ili tuuweke kwenye kompyuta zote. Diski zake ni ndogo. Kila programu iliyotaka kuingia ilibidi mtu aitetee.

Alikuwa anasoma majina kwa sauti na kufuta. Alipofika kwenye kamusi ya Kiswahili, ile inayokagua tahajia, akasema, "Hii ya nini? Kiswahili wanakijua. Anayeitaka atapakua."

"Iache," nikasema.

Akageuka kunitazama. Mimi si mtu wa kusema. Wateja wengine hudhani mimi ni bubu.

"Niiache kwa nini?"

Siku ile sikuweza kueleza vizuri, kwa hiyo naeleza hapa, polepole. Nilipoanza kujifunza kuchapa niliandika: Mama analima tangawizi. Maneno yakapigwa mstari mwekundu. "Mama" peke yake ndiye aliyepona. Nyumbani tunasema Chasu, Kiswahili nilikipata shuleni, nikajua basi, nimekosea. Nikaandika tangauzi. Nyekundu. Nikaandika tangawisi. Nyekundu. Niliona aibu kuuliza, nikaacha kuchapa kwa muda mrefu. Kumbe mashine ilikuwa na kamusi ya Kiingereza tu. Haikujua lolote kuhusu shamba letu, na bado ilinisahihisha.

Kaka nilimwambia hivi tu: "Watoto watadhani wanakosea."

"Si watapakua?"

"Watapakua kutoka sufuria gani? Pale shuleni mtandao hakuna. Tusichoweka sisi hakitaingia tena."

Akacheka. "Dogo, leo umekula pilipili. Haya, nafasi imekwisha. Kamusi ikibaki, kitoke kingine."

"Zitoke karata."

Kicheko kikaisha. Karata hizo, mchezo wa kwenye kompyuta, ndizo anazocheza mchana wateja wakikosekana.

"Karata zinamfundisha mtoto kushika mausi," akasema.

"Programu ya kuchora ipo. Itamfundisha."

"Na wewe nani amekuteua waziri wa elimu?"

 Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi, na sikuuondoa. Akasubiri niuondoe, kama ninavyofanya siku zote akinitazama hivyo.  Nikauacha palepale.

"Sawa," akasema mwishoni. "Ila wakilalamika karata hazipo, utapanda mlima ukawajibu mwenyewe. Usimame mbele ya darasa zima, walimu wakikusikiliza."

Alijua amenigusa wapi. Darasani nilikuwa nakaa nyuma ili nisiitwe ubaoni.

"Nitawajibu," nikasema, nikazifuta karata.