Siku 1,996 za Mufid Zureiqat

Mufid Zureiqat alikuwa na miaka hamsini na miwili, mke mmoja, mabinti wawili na karatasi moja. Mke na mabinti aliweza kuwasahau kutwa nzima bila taabu. Karatasi hakuisahau hata dakika. Ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha seva, ghorofa ya tatu ya kampuni ya bima hapo Amman, imefunikwa plastiki, na kila asubuhi, kabla hajaitikia salamu ya mtu, Mufid aliifuta namba ya jana akaandika ya leo. Alhamisi hiyo ilisomeka: SIKU 1,996 BILA KUZIMWA.

Isiyozimwa ni seva kuu, ambayo yeye aliiita Hajja, kama bibi mzee aliyekwisha hiji. Wenzake hujivunia mtoto aliyefaulu au mzeituni uliozaa. Mufid alijivunia kutogusa kitu. Ukiikamua kazi yake yote, hicho ndicho kinachodondoka: miaka mitano na ushei ya kutobonyeza kitufe. Kwa ushujaa huo alipanda cheo mara mbili. Watu walimwita Abu Ghaleb, yaani baba yake Ghaleb, ingawa Ghaleb mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Jumatatu, siku ya elfu mbili, mkurugenzi angeshuka kumkabidhi ngao ya kioo, na sinia tatu za knafeh, ule mkate mtamu wa jibini na siagi, zilikwisha agizwa.

Shatha Nimri, mhandisi aliyekuwa katika mwezi wa mwisho wa majaribio, alimtazama akifuta namba asubuhi hiyo, akamwona kama mtu anayejisifu kwamba hajaoga tangu harusi yake.

Mambo yalikuwa yameanza Jumanne. Ilikuja taarifa kwamba lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika mfumo wao mzima wa bima ina tundu. Mtu yeyote duniani angeweza kufungua fomu ya madai, na mahali pa jina akaandika maneno fulani, na seva badala ya kuyahifadhi ingeyatii kama amri ya mwenye nyumba. Watengenezaji wa lugha walikuwa wameshatoa kiraka. Mufid akakipakua, akakiweka, dakika nne tu, akaandika kwenye ripoti: LIMEZIBWA. Kisha akaagiza chai.

"Abu Ghaleb, hujaiwasha upya," Shatha alimwambia.

"Kwani kiraka hakimo?"

"Kimo kwenye diski. Programu inayofanya kazi ni ile ile iliyopakiwa miaka mitano iliyopita. Umeshona kanzu iliyo kabatini. Uliyoivaa bado ina tundu, na tundu lenyewe liko nyuma."

"Binti yangu, mimi nimeanza kulea seva wewe bado unanyonya."

"Ndiyo maana zimezeeka hivi."

Mufid akakohoa. "Nitaizima Jumanne ijayo. Baada ya sherehe."

"Na wezi nao wanasubiri knafeh?"

Hapo mzaha ukaisha. Ripoti ya usalama ilitaka sahihi mbili, ya mtendaji na ya mhakiki, na mhakiki alikuwa Shatha. Mkaguzi wa nje angefika Jumapili, siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi. Alhamisi hiyo Mufid alimsukumia ripoti mezani. "Utie sahihi kabla ya ofisi kufungwa. Ama Jumapili usijisumbue kuja."

Shatha akaenda kwenye jiko la ofisi kwa Abu Sakhr, mpika kahawa, mtu pekee kwenye ghorofa ile aliyeijua kazi yake.

"Ami, nikisaini nimesema uongo, na wezi wakiingia jina litakuwa langu. Nisiposaini, sina kazi."

"Umemweleza?"

"Kwa taarifa, kwa michoro, kwa namba."

"Hapo ndipo ulipopotea. Punda humsomei nyota." Abu Sakhr akasugua birika. "Yule hajawahi kujiwa na jaha, wazee wakaja kumwomba jambo kwa heshima, hata siku moja. Binti yake mkubwa alipoposwa, wazee walikwenda kwa kaka wa Abu Ghaleb. Wakasema ndiye mkubwa wa nyumba. Hilo limemkaa kooni kama mwiba."

Akachungulia ukumbi wa wateja. Wazee watatu wenye vilemba vyekundu walikuwa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi, wakingoja kurudishiwa gharama za hospitali. Wa katikati alikuwa Abu Mit'ib, sajenti mstaafu ambaye huko kwao hapakuwa na posa wala suluhu ya damu iliyofungwa bila yeye kuisemea.

"Nipe dakika tano," akasema Abu Sakhr. "Wale wamechoka kukaa bila jambo la kufanya."

Ndivyo Mufid alivyoinua macho akaona wazee watatu wanaingia ofisini kwake kwa mpangilio, majoho mabegani, na nyuma yao Abu Sakhr na birika la shaba. Mlango uliachwa wazi. Mufid aliruka kutoka kitini, akafunga vifungo vya koti, akawakalisha. Abu Sakhr akamimina. Abu Mit'ib akapokea kikombe, akakitazama, akakiweka mezani bila kukionja. Wenzake nao wakaweka vyao.

Vichwa vikageuka ofisi nzima. Hata wahasibu wanajua maana ya vikombe vitatu vilivyoachwa.

"Tuna haja kwako, Abu Ghaleb," akasema mzee. "Hatunywi kahawa yako mpaka utupe."

Sasa mtu mwenye akili huuliza kwanza. Hata Abu Mit'ib alimpa nafasi ya kuuliza. Lakini Mufid alikuwa ameisubiri siku hii maisha yake yote, na macho ya ghorofa nzima yalikuwa mlangoni. Akavimba kama mkate tanuruni, akaweka mkono kifuani.

"Kunyweni kahawa yenu! Mlilojia mmelipata!"

Wakanywa. Abu Mit'ib akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. "Mungu akuzidishie heshima. Tumekuja kumwombea Hajja apumzike dakika kumi."

"Hajja yupi?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye mlango wenye karatasi.

Rangi ikamtoka Mufid. "Mna wazimu? Ile ni seva!"

"Ni nini, sisi hatujui. Tunachojua umetoa neno."

"Tumesikia, Abu Ghaleb!" mtu wa idara ya madai akapaza sauti kutoka nyuma. "Ghorofa nzima tumesikia!"

Mufid akamtafuta Shatha kwa macho, akamkuta ameshashika ripoti na kalamu. Lakini Mufid hakumruhusu mtu mwingine kubonyeza kitufe. Alikwenda mwenyewe, kama mtu anayekwenda kumchinja mbuzi aliyempa jina.

Hajja alichukua dakika kumi na saba kurudi. Muda huo makarani wa madirishani wakatangaza mfumo hauko, na wa kwanza kulalamika alikuwa Abu Mit'ib: "Tuliomba kumi! Nani kaongeza saba?" Mfumo uliporudi, Shatha aliikagua programu inayofanya kazi, si iliyo kwenye diski, akaona ni mpya. Akatia sahihi.

Jumapili karatasi ilisomeka: SIKU 3 BILA KUZIMWA. Mkaguzi aliporidhika, Mufid akamweleza kwamba amri ya kuizima aliitoa yeye, bila kusita, mbele ya wazee. Mkurugenzi naye akasifu, ikabidi mkataba wa kudumu wa Shatha, mhakiki wa ripoti, utiwe saini. Knafeh haikurudishwa. Jumatatu waliila kwa heshima ya ukarimu wa Abu Ghaleb, naye akajikatia kipande cha pembeni, penye siagi zaidi.

Katikati ya sherehe hiyo alimletea Shatha kahawa kwa mkono wake, watu wakitazama. Shatha akapokea, akakiweka kikombe mezani bila kukionja.

Mufid akakitazama. Safari hii hakuweka mkono kifuani.

"Sema kwanza," alinong'ona. "Unataka nini?"

"Leo asubuhi wametoa kiraka kingine."