Programu Isiyo na Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya malalamiko ya watumiaji wa simu, pale Mirongo, Mkuu wa Kanda hakunionyesha hata meza. Alinikalisha mbele ya mama aliyekuwa akilia kwa sababu simu yake ilituma ujumbe wa aibu kwa ndugu zake wote. Mimi, Mhaya mwenye suti mpya na Kiingereza tele, nikaanza kumweleza. Mkuu akaninyamazisha kwa jicho: nisikilize kwanza, mpaka amalize. Ndivyo nilivyofundishwa kazi.

Ninyi mnaoanza leo mnajua maduka ya programu yaliyomo ndani ya simu. Watu wetu walikuwa hawaendi huko. Vifurushi vya intaneti vilikuwa ghali, kwa hiyo programu zilirushwa kutoka simu hadi simu, sokoni Buhongwa, mnadani, hata kanisani kwaya ikimaliza mazoezi. Ofisini tuliita hali hiyo kuingia kwa mlango wa pembeni. Simu ilionya kwamba chanzo hakijulikani, mwenyewe akabonyeza kukubali, maana kwake chanzo kilijulikana: amerushiwa na shemeji yake. Kosa hilo nilipambana nalo miaka yote. Shemeji ni mtu mwema, lakini si yeye aliyeitengeneza.

Kati ya programu hizo ilikuwepo ya Kabula, muuguzi wa Buhongwa. Iliwakumbusha wagonjwa wa presha na kisukari saa za dawa, kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kisukuma, kwa kuwa wazee wengi hawasomi. Jina lake hakuliweka popote. Wezi wakaichukua, wakaiacha sauti ile ile, wakapachika ndani kitu cha kuchungulia ujumbe wa siri wa watu. Malalamiko yakajaa ofisini. Wazee wakaanza kufuta ya kweli na ya bandia pamoja, na wengine wakaacha na dawa zenyewe. Iliniuma sana.

Wakati huo tangazo lilikuwa limetoka kwamba simu zitaanza kukataa programu ambayo mtengenezaji wake hajathibitishwa. Kuthibitishwa ni kupeleka jina lako halisi na kitambulisho, kisha programu yako inatambuliwa kwa sahihi ya kidijitali, yaani muhuri ambao mwizi hawezi kuughushi. Mkuu wa Kanda wa wakati ule, mama mkali aliyehamia kutoka Dodoma, alinituma kwa Kabula.

Kabula aliniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akakataa. Nilidhani anaogopa usumbufu wa kujisajili. Akatikisa kichwa.

"Baba, wale ni wagonjwa. Iko siku mmoja atakufa, kwa ugonjwa wake tu. Jina langu likiwa pale, watakuja kwangu."

Nilipeleka jibu hilo nikitegemea mkuu atawaka. Hakuwaka.

"Mwambie hiyo ndiyo kazi ya jina," alisema. "Na usimdanganye kwamba hawatakuja."

Sikumdanganya. Kabula alifikiri kwa siku kadhaa, akajisajili kwa jina lake na la baba yake, na akarekodi upya sauti inayoanza kwa kujitambulisha. Tukazunguka naye zahanati kwa zahanati, tukifuta ya bandia na kuweka yake.

Sasa nimestaafu. Nasikia vijana wakilalamika kwamba masharti haya yanawabana wabunifu wadogo, na kwamba kuna wema mwingi uliopita mlango wa pembeni. Wanasema kweli. Ninachoweza kuwasimulia ni msiba mmoja wa Usagara.

Mzee aliyekuwa akitumia programu ile alifariki, na familia yake ikamtafuta Kabula kwa jina. Aliniomba nimsindikize. Mjane alikuwa ameketi mkekani ameinamisha kichwa, hatazami wanaoingia. Kabula akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma. Kwa sauti hiyo tu, yule mama akainua uso.

"Ni wewe," alisema. "Mume wangu alikuwa anakuitikia kila asubuhi."

Akasogea, akamwachia nafasi pale mkekani, katikati ya wafiwa.