Mpunda wa Jirani Yangu

Jirani yangu Mkongo hubana pumzi kabla brashi yake ya rangi haijagusa koti la kisanamu cha askari wa bati. Kikosi chake ni kimoja tu: wapanda farasi wa Austria waliopigana na Ufaransa ya mapinduzi. Jumapili alikileta kwenye ukumbi wa kanisa letu, Saint Paul, akitamani sana tuwaheshimu wafu wale.

"Hawa walipanda mpunda," alianza kwa sauti ya chini.

"Punda, Baba?" Nkirote, muuguzi Mkenya, alicheka. "Walienda vitani ama kuteka maji?"

Ukumbi uliangua kicheko. Jirani yangu hakuudhika.

"Kwetu mpunda ni farasi, dada," alisema, akamwekea kiganjani askari anayetembea, tandiko begani. "Mpunda wa huyu aliuawa vitani. Yeye alirudi kwa miguu."

Nkirote alimtazama askari yule kwa muda.

"Mpunda wake," aliuliza polepole, "aliitwaje?"