Pumzi Ishirini

Nianze na hasira, maana nikianza na kitu kingine nitakuwa nadanganya. Nina hasira na namba ishirini. Kwa miaka minane nilikuwa muuguzi katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya huku kwetu, kati ya Kasulu na Kibondo, na miaka hiyo yote kila mwanamke aliyelazwa pale alikuwa anapumua mara ishirini kwa dakika. Mwenye malaria, ishirini. Mwenye kichomi, ishirini. Aliyekuwa ameshafunga mizigo anasubiri gari la kurudi nyumbani, ishirini, na aliyekata roho kabla ya chakula cha mchana naye alikuwa ishirini. Namba hiyo tuliiandika sisi wenyewe kwenye karatasi za vipimo, tukiwa tumesimama, bila kumwangalia mtu.

Kuhesabu pumzi za mgonjwa kunataka dakika nzima. Unasimama kando ya kitanda, jicho moja kwenye saa na jingine kwenye kifua kinavyopanda na kushuka, na hufanyi kitu kingine chochote. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini hana dakika hiyo. Ndivyo tulivyokuwa tunasema, na ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli iliyotufaa. Dakika za kunywa chai tulizipata.

Badala ya kuhesabu tulikuwa na kipimo chetu. Huku Uha, nchi ya Waha, salamu si jambo la kurusha mkono ukapita. Mwanamke akikutana na mtu anayemheshimu anainama, anapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, na hamalizi mpaka umemjibu zote. Ugonjwa haumwondolei adabu hiyo. Asubuhi ukiingia wodini ukasema "Mwakeye", unasikia makofi kutoka chini ya mablanketi. Aliyepiga makofi tulimwita anayesalimia. Aliyenyamaza alikuwa asiyesalimia. Hata wakati wa kukabidhiana zamu tulisema hivyo hivyo, kwamba wanaosalimia ni ishirini na nane, wasiosalimia ni wawili, na anayepokea zamu alikwenda kwa hao wawili kwanza. Nilifundishwa hivyo na muuguzi mkuu wa wodi, mama mmoja mchapakazi aliyekuwepo pale tangu mimi niko shule ya msingi, nami nikawafundisha hivyo walionifuata.

Mashine ya oksijeni tulikuwa nayo. Ililetwa wakati wa korona, ikawekwa kwenye kona karibu na meza ya muuguzi, na mtu mwenye mapenzi mema akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Tuliiwasha kwa wasiosalimia tu. Mtu akifika hatua ya kushindwa kupiga makofi ameshakwenda mbali, kwa hiyo wengi tuliowawekea walikufa, na ndugu zao wakaondoka wakisema mashine ndiyo iliyowaua. Habari hiyo ikafika Makere, ikaingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ikarudi kwetu ikiwa imenenepa. Sisi, badala ya kuiwasha mapema, tukazidi kuifunika.

Halafu utafiti ukaja. Walitoka Dar es Salaam, watu wastaarabu, wakasema wanataka kujua watu wazima wanaofikishwa hospitali wakiwa wamezidiwa wanahudumiwaje, na kama mambo madogo yanaweza kuwaokoa: kuhesabu pumzi, kupima oksijeni kidoleni, kumlaza mgonjwa kwa ubavu, kuwasha mashine mapema. Lilikuwa swali zuri. Sijawahi kulikasirikia lile swali. Walitafuta mtu anayeijua wodi awe mkusanya takwimu, wakanichukua mimi. Nikavua sare, nikavaa fulana yenye nembo yao, nikapewa kishikwambi, saa, na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya kuangalia tu. Mratibu wetu, kijana mpole mwenye miwani, alitueleza kwamba hatuwezi kujua kama tumebadilisha kitu bila kujua kwanza kilikuwaje. Nikimkuta mgonjwa aliyezidiwa, nimwambie muuguzi wa zamu, kisha niweke tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa "Muuguzi amearifiwa". Baada ya hapo nikae pembeni. Niliona ni jambo la akili. Nilitikisa kichwa kukubali pamoja na wengine, nikanywa soda yao.

Siku ya kwanza nilihesabu pumzi za mwanamke ambaye karatasi yake ilisema ishirini. Zilikuwa thelathini na sita. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Thelathini na saba. Nikaenda kitanda kinachofuata, kisha kingine, na ilipofika mchana nilikuwa nimejaa aibu kwanza, halafu hasira, na hasira yenyewe haikujua imrukie nani.

Wiki ya pili akalazwa bibi mmoja kwenye kitanda cha dirishani. Nilipomfikia alijiinua kwa kiwiko, akapiga makofi, akaniuliza watoto wangu hawajambo. Kila neno alilitafutia hewa. Pumzi zake zilikuwa arobaini, na kibanio kikaonyesha oksijeni themanini na tatu, wakati mtu mzima hatakiwi kushuka chini ya tisini. Nikaenda kumwambia muuguzi mkuu. Aligeuza shingo, akamtazama bibi kwa mbali. Akaniuliza mbona bibi amenisalimia sasa hivi tu. Nikaweka tiki kwenye kisanduku. Nikakaa kwenye benchi la ukutani na kishikwambi changu mapajani, hatua saba kutoka kwenye mashine. Nilizipima baadaye.

Bibi alikufa asubuhi iliyofuata, wanawake wa wodini wakipokea uji. Nilijaza fomu yake mpaka mwisho. Jioni mratibu akanitumia ujumbe wa kunipongeza kwamba fomu zangu hazina pengo hata moja, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Aliyeyaona yote hayo ni mwanamke wa kitanda cha jirani, muuza maharage wa soko la Makere. Alikuwa amelazwa kwa malaria, akiuguzwa na dada yake mkubwa. Wazazi wao walitoka Burundi, wao wenyewe walikulia kambini Mtabila, na sasa ni raia, wana mashamba na kadi za kupigia kura. Dada mtu aliniambia kwamba kambini walijifunza jambo moja: kwenye foleni anayelalamika anarudishwa nyuma. Hayo aliyasema huku anacheka, anakunja nguo za mgonjwa. Mimi nilicheka naye bila kufikiri maneno hayo yana maana gani kwa mtu aliyelala kitandani anashindwa kupumua.

Siku tatu baada ya kifo cha bibi, kichomi kikampanda muuza maharage juu ya ile malaria. Nilifika kitandani kwake mapema. Midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Nikamwuliza hali.

"Ni amahoro, sista," alisema, yaani ni salama, na akapiga makofi.

Nilihesabu arobaini na mbili. Oksijeni themanini na moja. Kwenye karatasi yake, wino ukiwa haujakauka vizuri, palikuwa pameandikwa ishirini. Nilimfuata muuguzi mkuu, aliyekuwa peke yake anahangaika na mgonjwa anayetapika damu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Hakuniangalia. Alisema, "Mdogo wangu, yule anasalimia. Weka tiki yako uniache."

Nilishika kishikwambi. Kisanduku kilikuwa pale, kidogo, kinasubiri kidole. Nikakiweka kishikwambi kwenye benchi, kioo kikiangalia chini. Nikaenda kwenye kona, nikavuta kile kitambaa cha kufuma nikakitupa sakafuni, nikaikokota mashine. Magurudumu yalipiga kelele wodi nzima ikageuka.

Dada mtu akasimama mbele yangu, ameshika kitenge chake kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameona wanavyoondoka wanaowekewa mashine hiyo.

"Sista, hapana. Hiyo ni ya wanaokufa."

"Dada, imekuwa ya wanaokufa kwa sababu tunawaletea wakiwa wameshakufa."

Nilisema kwa sauti, na nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Sikumwambia dada mtu kwamba katika hiyo "tunawaletea" nami nimo. Alimgeukia mdogo wake. Mgonjwa hakuwa na hewa ya maneno. Alitoa mikono chini ya blanketi akapiga makofi mawili, vile wanavyopiga kushukuru wakipewa kitu, na dada yake akasogea. Nikamwekea mipira ya oksijeni puani, nikaiwasha mashine, nikakaa kitandani kwake nikimshika kidole chenye kibanio. Themanini na moja. Themanini na tano. Ilipofika tisini na mbili aliniomba maji.

Muuguzi mkuu alikuja baada ya kunawa. Tuligombana mbele ya wagonjwa, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Nilimwambia tumeua watu kwa salamu. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki. Yeye hakupandisha sauti. Alikwenda kwenye kabati la chini, akatoa faili la zamani lililovimba kwa vumbi, akalifungua na kulilaza juu ya meza. Karatasi ya juu ilikuwa na mwandiko wangu. Pumzi ishirini, asubuhi, mchana na jioni, siku tano mfululizo, na chini yake tarehe ya kifo. Akaniuliza kama fulana ile imenitakasa. Kisha akarudi kwa mgonjwa wake, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kurudi kwake. Yule mama alisema kweli, na ndiyo sababu nilimchukia kwa miezi.

Mratibu alinipigia simu kesho yake. Alikuwa mpole vile vile. Alisema ananielewa kama binadamu, ila nimeingilia, na mgonjwa aliyeingiliwa na mtafiti haonyeshi tena hali ya wodi ilivyo. Taarifa za muuza maharage zitaondolewa. Nikamwuliza, na bibi wa dirishani? Akasema za bibi ziko sawa kabisa. Kwa hiyo katika utafiti wetu bibi yumo, na muuza maharage hayumo. Aliyekufa nikimtazama ni takwimu safi. Aliyepona ni takwimu niliyoiharibu.

Nilipewa onyo la maandishi. Nilibaki kazini, na nisiseme uongo, awamu ya pili ilifanya kazi yake. Wauguzi walifundishwa upya, vitanda vikapata kadi nyekundu za waliozidiwa na za kijani za wenye nafuu, mashine ikavuliwa kitambaa, na muuguzi mwingine mmoja akaongezwa kwenye zamu ya mchana. Muuguzi mkuu mwenyewe anahesabu pumzi siku hizi, dakika nzima, midomo ikicheza, na akikukuta umeandika ishirini anakutimua ukahesabu tena. Wapo wanaoniambia kwamba bila wale waliohesabiwa wakifa, nani huko juu angeamini, nani angetoa hizo kadi na huyo muuguzi. Huenda ni kweli. Ila waseme mbele ya watoto wa yule bibi, wasiniambie mimi.

Mwaka huu, baada ya masika, nilipita sokoni Makere. Alikuwa pale nyuma ya marundo ya maharage yake, amenenepa, amevaa sweta la kijani kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Aliponiona alitoka nyuma ya magunia, akainama, akapiga makofi, akaanza kuniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Nilikuwa natazama kifua chake. Aligundua, akacheka, akasimama wima kama mwanafunzi anayekaguliwa mpaka nilipomaliza. Kumi na sita.

Alinijazia mfuko wa maharage ya njano, akanikataza nisilipe. Alikuwa anachota na kopo, akiongea habari za mvua, halafu akasema bila kuinua kichwa:

"Sista, yule bibi wa dirishani naye alikupigia makofi. Nilimwona. Kwa nini yeye hukumletea mashine?"

Nilimwambia kwamba siku ile nilikuwa sijaruhusiwa.

Kopo likasimama hewani.

"Na mimi uliruhusiwa?"

Nikasema hapana. Akamalizia kujaza, akaufunga mfuko mafundo mawili, akanikabidhi kwa mikono yote miwili kama adabu inavyotaka. Makofi ya kuagana hakupiga.